Ukienda Kazakhstan, hesabu siku za barabara

Nimeendesha watalii kutoka Arusha kwa miaka kumi na nne, na kosa ninaloliona kila msimu ni lilelile: mgeni ametua jana, ana siku nne, anataka Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, na akipata nafasi aguse Zanzibar. Namjibu kwa upole kwamba barabara haitakubali. Halafu zamu yangu ikafika. Mama mmoja wa Almaty, niliyewahi kumzungusha kreta, alinialika kwao. Nikafungua ramani, nikaandika: Almaty, maziwa ya milimani, Turkistan, Astana, bahari ya Aral, Baikonur wanakorushia roketi, na majabali meupe ya Mangystau. Siku kumi na mbili.

Yule mama aliposoma orodha yangu kwenye WhatsApp alituma alama za kucheka tu, hakuna neno.

Basi anza hapo. Kazakhstan ina kilomita za mraba milioni 2.7, Tanzania inaingia humo karibu mara tatu, na watu wote ni kama milioni 20. Mashariki kuna kilele cha Khan Tengri, karibu mita 7,000, Kilimanjaro anasimama chini yake. Magharibi, karibu na bahari ya Kaspi, kuna bonde la Karagiye lililo mita 132 chini ya usawa wa bahari. Kati ya hapo na pale ni nyika, nyika, nyika. Kwa siku kumi na mbili chagua pembe mbili za nchi na mji mkuu, basi. Mimi nilifuta Aral, Baikonur na Mangystau, nikabaki na Almaty na milima yake, Turkistan, na Astana ya kumalizia. Sijutii hata moja niliyoifuta.

Kabla ya safari

Mtanzania anahitaji viza, na mimi yangu ilianza na barua ya mwaliko. Usikate tiketi kabla hujaishika viza mkononi. Ndege nyepesi kwetu ni za kupitia Dubai au Istanbul. Saa zao ziko mbili mbele ya zetu. Tangu Machi 2024 nchi nzima inatumia saa moja, kwa hiyo ule mkorogo wa zamani wa saa za mashariki na magharibi haupo tena. Ukifikia hoteli, wao ndio wanaotoa taarifa uhamiaji kwamba umefika. Ukilala nyumbani kwa mtu, kazi hiyo ni ya mwenyeji na ana siku tatu za kazi, basi mkumbushe mapema bila kuona haya.

Msimu: Mei na Juni, au Septemba. Mimi nilikwenda mwishoni mwa Septemba. Julai Turkistan inachoma hadi nyuzi 40, na Januari Astana inashuka chini ya sifuri kwa nyuzi 30. Na hata Septemba beba jaketi la kweli, si lile la kuvaa asubuhi pale geti la Loduare, Ngorongoro.

Fedha yao ni tenge. Dola moja ilikuwa kama tenge 500. Badilisha kidogo tu uwanjani, nyingine mjini. Kadi inapita karibu kila duka la mjini, vijijini shika taslimu. Weka programu mbili kwenye simu: Yandex Go ya teksi na 2GIS ya ramani, ambayo inafanya kazi hata bando likiisha. Hili nalisema kwa uchungu. Usiku nilipotua, jamaa mmoja alinipokea begi kwa tabasamu, nikamfuata, nikalipa mara nne ya bei iliyokuwa kwenye programu. Mimi, ambaye najua madereva wote wa aina hiyo wa KIA kwa majina!

Almaty na barabara ya mashariki

Almaty ni rahisi kuijua kwa sababu ya milima. Inakaa kusini, imesimama kama ukuta wenye theluji, na wenyeji wanakuelekeza kwa neno moja: panda, yaani nenda upande wa milima, au shuka. Ukipotea angalia juu. Mjini nilitembea kwa miguu siku mbili. Lipo kanisa la mbao la Zenkov kwenye bustani ya Panfilov, lililojengwa kati ya 1904 na 1907. Tetemeko la 1911 lilibomoa mji likaliacha limesimama. Kumbuka tetemeko hilo, nitalirudia. Soko la Kijani ndilo la kula: mama wa Kikorea anauza achari, wa Kiuyghur anavuta tambi za lagman, Mkazakh ananing'iniza soseji za farasi. Nyama ya farasi niliila. Nilimuuliza shehe wetu kabla ya safari, akasema katika madhehebu ya Shafi ni halali, roho yako tu. Roho yangu ilikubali soseji, ikakataa maziwa ya farasi.

Ukitaka theluji bila jasho, panda basi la mjini hadi Medeu, uwanja wa barafu ulio mita 1,691, kisha gari la kebo la Shymbulak likupeleke zaidi ya mita 3,000. Vaa koti kabla ya kupanda. Kule juu hakuna anayeazima.

Siku ya tatu ndiyo safari yenyewe. Korongo la Charyn liko kama kilomita 200 mashariki mwa Almaty, masaa matatu, lami nzuri. Unateremka ngazi, unatembea kilomita mbili na ushee kati ya kuta nyekundu zilizochongwa na upepo na maji, mwisho unafika mtoni. Nenda asubuhi au jioni, kwani mchana mwanga unaua rangi na jua linakuua wewe. Msirudi Almaty siku hiyohiyo kama wengi wanavyofanya. Endeleeni mbele hadi kijiji cha Saty, mkalale.

Saty pana nyumba za wageni za wenyeji, chakula humohumo. Kutoka pale unapanga maziwa ya Kolsai na ziwa Kaindy. Kolsai la kwanza linafikika kwa gari, la pili ni kutembea kama kilomita nane milimani, basi anza saa moja asubuhi. Kaindy ndilo lililonikalisha chini. Lile tetemeko la 1911 liliporomosha mlima, mlima ukaziba bonde, maji yakapanda, misitu ikafia ndani. Leo miti imesimama majini, vigogo vyeupe kama milingoti ya majahazi yaliyozama, na maji yenyewe ni ya rangi ya bluu iliyochanganywa maziwa. Ukichungulia chini unaona matawi bado yana majani yake ya sindano, maana baridi haijayaozesha.

Usijaribu kwenda Kaindy na gari dogo. Wenyeji wanatumia UAZ, basi dogo la Kirusi linaloitwa bukhanka, yaani mkate wa boflo, na ukiliona utajua kwa nini. Linavuka mito kwa mawe matupu. Dereva wetu alikuwa kijana asiyejua Kiingereza wala mimi sijui Kirusi, lakini nilipoinama kuangalia springi za nyuma aliinama na mimi, tukaelewana kila kitu. Alinipisha usukani kwa mita mia mbili. Gia nzito, breki ya kuomba Mungu. Nilimpa tipu ile ambayo siku zote natamani kupewa.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Altyn-Emel ukaupande mchanga unaoimba. Ni kilima kama cha mita 150. Ukishuka kwa makalio siku ya ukavu, mchanga wote unaunguruma kama ndege iko nyuma yako. Sisi kule Olduvai tuna mchanga wetu unaohama. Huu wao umetulia mahali pake, unaimba tu.

Mezani kwa apa

Mwanamke mzee unamwita apa, mzee wa kiume ata. Ukianza na hayo mawili tu, mlango umefunguka nusu. Apa wa nyumba yetu Saty alinimiminia chai ya maziwa katika bakuli dogo lisilo na mkono, likafika nusu. Nikasema moyoni, mchoyo huyu. Nikanywa, akaongeza nusu. Tena nusu. Baadaye mwenyeji wangu akanieleza: chai kidogo maana yake kaa, nitakuongezea, tuzungumze, bakuli likijaa mpaka juu ujue umeagwa. Kwetu kujaza ndiyo ukarimu, kwao ni kinyume. Kwa hiyo usiombe ujaziwe.

Pembeni palikuwa na baursak. Ni mandazi. Sina namna nyingine ya kusema, ni mandazi ya duara yasiyo na iliki. Kisha nikaanza kuhesabu mengine: samsa ni ndugu ya sambusa, ila inaokwa kwa kubandikwa ukutani mwa tandyr, na tandyr ni tanuri. Palau ni pilau yenye karoti nyingi. Shashlik ni mishkaki ya mtu mwenye njaa kali.

Na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia. Chukua daftari lako uende nalo. Daftari kwao ni däpter. Kalamu ni qalam, kitabu ni kitap, sabuni ni sabyn, duka ni düken. Dunia ni dünie, wakati ni uaqyt, habari ni habar, na mtu ni adam. Kiarabu na Kiajemi vilipita kwao kwa misafara ya ngamia, kwetu kwa majahazi, vikaacha mizigo ileile. Jioni moja wajukuu wa apa walinishika kwa mchezo huo hadi usiku: mimi naonyesha kitu, wao wanataja, tukipatana wanapiga kelele. Mgeni wa Ulaya hana mchezo huu. Ongeza rahmet, yaani asante, na qansha, ni kiasi gani, utafika sokoni mwenyewe.

Treni

Kwenda Turkistan usipande ndege. Panda treni ya usiku kutoka Almaty, na hakikisha kwenye tiketi ni stesheni ipi, maana ziko mbili: Almaty-1 na Almaty-2. Platskart ni behewa wazi la vitanda 54, rahisi, lenye kelele na watu wa kuongea nao. Kupe ni chumba cha watu wanne chenye mlango. Mimi nilichagua platskart kitanda cha chini, na nilifanya vizuri. Pasipoti lazima ilingane na jina la tiketi. Mwisho wa behewa kuna mtungi wa maji ya moto saa zote, kwa hiyo beba kikombe, majani ya chai, sukari, na cha kugawa. Ukila peke yako utaonekana umelelewa vibaya. Mzee wa kitanda cha pili alitoa tikitimaji na kisu, mimi nikatoa karanga za Singida, tukasafiri.

Sasa angalizo kwa Waswahili wenzangu. Treni yangu iliondoka 18:10. Mimi kwenye daftari nikaandika kama ninavyofikiri, saa 12 na dakika 10. Asubuhi nikasoma 12:10, nikamwita teksi kwa haraka, nikamwaga jasho, nikafika stesheni masaa sita kabla. Samsa nne nilizila pale. Andika saa kama ilivyo kwenye tiketi, usitafsiri.

Turkistan ni mji tambarare, joto na vumbi kidogo, na katikati yake limesimama kaburi la Khoja Ahmed Yasawi, shehe mkubwa wa Kisufi. Timur, mtawala wa Samarkand, aliagiza lijengwe mwaka 1389, akafa 1405 kabla halijaisha, na mafundi wakaondoka. Upande wa mbele mpaka leo haujavishwa vigae, vijiti vya jukwaa la mafundi bado vimechomoza ukutani, ndege wanakaa. Zunguka nyuma uone bluu. Ndani kuna sufuria la shaba la tani mbili, lilipelekwa Leningrad (leo St. Petersburg) mwaka 1935 likarudishwa 1989. Vaa nguo ya heshima, mwanamke achukue ushungi. Watu wamekuja kuzuru. Akina mama wa mahujaji waliniomba picha, mmoja mmoja, kisha ukoo mzima. Miaka yote nimesimamisha gari watu wapige picha twiga. Siku hiyo twiga nilikuwa mimi, nikatulia kama twiga.

Astana

Siku mbili zinatosha. Nilipanda ndege kutoka Turkistan. Mji mkuu ulihamishiwa hapa kutoka Almaty mwaka 1997, na mnara wa Baiterek umewekewa sakafu ya kutazamia kwenye mita 97 kwa ajili hiyo. Majengo ni ya kushangaza: hema la plastiki angavu la Khan Shatyr lenye ufukwe wa mchanga ndani, piramidi, tufe kubwa la maonyesho ya 2017. Sisi tuliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, kwa hiyo niliutazama kwa wivu kidogo. Lakini upepo wa nyika unakata masikio, na barabara ni pana mno kwa mtu wa miguu. Nenda jioni taa zikiwaka.

Zawadi za nyumbani zilinishinda mara moja. Nilinunua kurt, vidonge vya maziwa yaliyokaushwa vyenye chumvi, kilo nzima, kwa vijana wa gereji. Walionja mbele yangu, wakatema mbele yangu. Nunua chokoleti ya kiwanda cha Almaty kinachoitwa Rakhat. Neno hilo halihitaji hata daftari: ni raha.