Ukialikwa Kufundisha Historia ya Tamthilia ya Marekani

Nikialikwa chuoni hapa Tabora kuzungumzia tamthilia ya Marekani, kwanza namwandikia mkuu wa idara. Namweleza wazi kwamba ndani ya historia hiyo wamo wapenzi wa jinsia moja na nitawataja. Nawe fanya hivyo. Mwenyeji wako asishtukizwe mbele ya wanafunzi wake.

Usilazimishe karne mbili ziingie katika saa mbili. Mimi humshika mtu mmoja, Lorraine Hansberry. Machi 1959 tamthilia yake, A Raisin in the Sun, ilipanda jukwaa la Broadway, kwenye kumbi kuu za maigizo za New York, na kabla yake hakuna mwanamke mweusi ambaye tamthilia yake ilifika pale. Anza na kisa: familia ya Younger ya Chicago inasubiri dola 10,000 za bima ya baba aliyefariki. Mama anataka nyumba, mwanawe Walter anataka duka la pombe. Hapo darasa linachangamka, maana nani hajaona ndugu wakivutana kwa mafao ya marehemu? Wagawie nafasi, wasome kwa sauti, tena wamesimama. Vipande vigumu vitafsiri mwenyewe usiku wa kuamkia somo. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa hapa Tabora, alimtafsiri Shakespeare. Sisi kurasa tatu zitushinde?

Wakishamzoea Hansberry, waambie kwamba mwaka 1957 aliliandikia The Ladder, jarida la wanawake wanaopenda wanawake, akatia herufi za mwanzo za jina lake tu. Waulize kwa nini alijificha, kisha wape sheria. Mwaka 1927 polisi wa New York waliwakamata waigizaji wa The Captive, tamthilia iliyogusa mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kukataza mambo hayo jukwaani, na ukumbi uliokaidi uliweza kutiwa kufuli mwaka mzima. Ilifutwa 1967. Hansberry alifariki Januari 1965, ana miaka 34, sheria ikiwa bado hai. Hapa kaa sana, waandike tarehe zote ubaoni.

Maswali yaje kwa vikaratasi visivyo na majina. Usimuulize mwanafunzi yeyote habari za maisha yake, na anayemnyooshea mwenzake kidole mkatize papo hapo. Wakiuliza sheria ya kwetu, jibu kweli: inakataza, na adhabu yake ni kali mno.

Projekta usiitegemee, umeme hukatika. Chapisha kurasa mapema, na nakala zitakazobaki mkabidhi mkutubi.