Kabla masika haijaanza, jua mto wako unachukua muda gani kukufikia

Watu wa mabondeni tukisikia mvua tunaangalia juu ya paa zetu, kumbe mvua ya kuogopa ni ile ya huko mto unakotoka. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanzia huko Pugu na Kisarawe, kwahiyo huku chini Jangwani inaweza ikawa jua linawaka na bado maji yanakuja.

Ndo maana cha kwanza ni muda. Mto Tana kule Kenya, mvua ya milimani inachukua siku kadhaa kufika Garsen, mtu anapata nafasi ya kuhamisha mbuzi. Msimbazi mfupi, halafu bonde lake limejaa mabati na zege, maji hayana pa kuzama, ni masaa tu. Piga hesabu: milimita 50 za mvua kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50, yani maboza 5,000 ya lita elfu kumi kumi, hata nusu yake tu ikishuka mtoni ni balaa. Na kama vuli imeunganisha na masika ardhi ishalowa, mvua ya kawaida tu inatosha. Angalia na bahari pia, ikiwa bamvua, yani siku za maji makubwa ya bahari, na maji yamejaa, Msimbazi pale daraja la Salenda unapoingia baharini unakosa pa kutokea unarudi nyuma kwenye nyumba za watu.

Halafu tafuta alama ya tope ukutani, ya mafuriko ya 2011 au ya mwaka wowote, upime kwa futi kutoka sakafuni. Wataalamu wa mafuriko nao wanapita na futi hivyo hivyo, wanauliza wazee maji yalifika wapi, maana mto mdogo mara nyingi hauna kipimo. Vyeti, godoro, unga, vyote vikae juu ya hiyo alama na zaidi kidogo, na swichi kubwa ya umeme hakikisha unaifikia bila kukanyaga maji.

Mtu akikwambia hayo yalikuwa mafuriko ya miaka 100 usilale eti bado zamu, maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, ukikaa hapo miaka 30 uwezekano wa kukukuta ni kama robo hivi.

TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa angalizo la mvua ya usiku, watoto na wazee waondoke jioni kabla hakujanyesha, sio saa nane usiku, mkubaliane mapema kabisa mnaenda kwa nani na kwa njia gani isiyovuka mto. Namba ya zimamoto ni 114.