Kupata Rangi Asilia kutoka Seli za Mmea Zilizooteshwa Maabara

Anayeotesha seli za mmea ili apate rangi hana budi kujua tangu mwanzo kwamba mazingira yanayozifanya seli ziongezeke haraka mara nyingi ndiyo yanayozizuia kutoa rangi. Kwa sababu hiyo kampuni ya Mitsui Petrochemical ya Japani, ambayo katika miaka ya 1980 ilizalisha kibiashara shikonini, rangi nyekundu ya mmea wa Lithospermum erythrorhizon, iliigawa kazi katika hatua mbili, na mpangilio huo unafaa kuigwa.

Kabla ya yote, chagua seli. Katika bonge moja la kalasi, yaani tishu ya seli zisizo na umbo maalumu, utaona mabaka yenye rangi yamekaa kando ya mengine meupe. Kata baka lililokolea kwa kisu kilichotakaswa, lioteshe peke yake, kisha rudia uteuzi huo kila unapohamisha. Kazi hii inachosha, lakini hakuna lishe itakayozikomboa seli zilizochaguliwa vibaya.

Zikuze kwanza katika lishe ya kawaida, kama mchanganyiko wa virutubishi uitwao Murashige na Skoog, yenye gramu 30 za sukari kwa lita na pH ya takriban 5.8. Zikishaongezeka, zihamishie kwenye lishe ya kuzalisha rangi, na hapo ndipo umakini unapohitajika. Kwa shikonini, nitrojeni itoke kwenye nitrati pekee, kwa kuwa amonia huizuia. Ongeza shaba kidogo, epuka auksini (homoni ya ukuaji wa mimea) iitwayo 2,4-D, na uweke chupa gizani kwenye nyuzi joto 25 hivi, maana mwanga, hasa wa buluu, huizima rangi hiyo. Kwa anthosianini, yaani rangi za kuanzia nyekundu hadi zambarau, za karoti au mzabibu mambo hugeuka: mwanga huichochea rangi, na mara nyingi husaidia kuongeza sukari huku ukipunguza nitrati na fosfati.

Seli zinahitaji oksijeni, lakini ukizikoroga kwa nguvu zitapasuka, na tatizo hili huonekana zaidi kwenye tangi kuliko kwenye chupa.

Unapojaribu, badilisha kigezo kimoja kwa wakati na ubakize chupa za kulinganishia. Pima rangi kwa kila lita ya lishe, si kwa kila gramu ya seli pekee, kwa sababu seli chache zilizokolea sana zinaweza kukupa mavuno hafifu. Sampuli za anthosianini zisomwe zote katika pH ileile ya asidi, kwani rangi yake hubadilika pH inapobadilika.