Somo: Kufunga rilizi beringi ya klachi kwenye Hilux ya zamani isirudi kulia tena

Rilizi beringi ndiyo inayosukuma vidole vya presha pleti ili klachi iachie unapokanyaga pedeli. Mpya ikilia baada ya miezi mitatu, watu hulaumu duka la spea. Mara nyingi beringi haina kosa. Imeuawa na vitu vinavyoigusa: bomba la giaboksi inaloteleza juu yake likiwa limechimbika, uma (mkono wa chuma unaoisukuma) uliolika, vidole vya presha pleti (sahani inayobana klachi pleti) visivyo sawa, au grisi iliyowekwa pasipotakiwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili ni ukaguzi, na kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Mfano ni Toyota Hilux LN106, ile ya magurudumu manne yenye injini ya dizeli aina ya 3L. Gari nyingi za umri huo zenye klachi ya mafuta (haidroliki) hufuata njia hiyohiyo.

Hakikisha kwanza kwamba ni rilizi beringi

Washa injini, weka nyutro, mguu usiguse pedeli. Kelele ikiwepo hapo na ikapotea ukikanyaga klachi, mtazame beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Kelele ikianza pale unapokanyaga na kuongezeka kadiri unavyobonyeza, hiyo ni rilizi. Ikitokea tu pedeli ikiwa chini kabisa, gari limesimama na gia imeingia, inaweza kuwa piloti beringi iliyoko mwisho wa krenki (shafti kuu ya injini), maana hiyo hufanya kazi pale tu krenki na shafti ya giaboksi zinapozunguka kwa mwendo tofauti. Tumia dakika tano hapa. Kushusha giaboksi bure ni siku nzima.

Vya kununua kabla ya kushusha

Rilizi beringi, pamoja na habu yake (kishikio chake kinachoteleza juu ya bomba) kama zinauzwa zikiwa zimeshikana. Klipu mbili za kushika habu kwenye uma, na klipu ya uma inayokaa kwenye gololi ya egemeo, pale uma unapoegemea. Mpira wa vumbi wa uma. Piloti beringi. Grisi ya lithiamu yenye molibdenamu, kopo dogo. Mafuta ya breki DOT 3, nusu lita. Klipu ni za bei ndogo na ndizo zinazosahaulika. Ya zamani ikishafunguka mara mbili tatu haina tena nguvu ya kubana.

Kushusha

Toa waya hasi wa betri, kwa sababu waya mnene wa stata una moto muda wote. Gari likae juu ya stendi nne imara, kamwe lisining'inie kwenye jeki. Ndani, toa lever ya gia: bonyeza kofia yake chini ukiwa umeishika kwa kitambaa, izungushe kinyume cha saa, itatoka. Ya transfa (giaboksi ndogo ya magurudumu manne) ina ringi ya kubana; tumia koleo. Chini, piga alama ya rangi kwenye flanji za propela zote mbili kabla ya kufungua, ili zirudi zilivyokuwa. Fungua kebo ya spidi, waya za swichi, kishikio cha egzosi na stata.

Silinda ya chini ya klachi, ile inayosukuma uma, usiifungue bomba lake la mafuta. Fungua bolti zake mbili, ivute pembeni, ifunge kwa waya kwenye chesisi isining'inie kwa mpira wake. Mwambie kila aliye karibu asiguse pedeli, maana pistoni itaruka nje na mafuta yote yatamwagika.

Giaboksi ikiwa na transfa yake ni nzito sana kwa mikono. Tafuta jeki ya giaboksi, au jeki ya kawaida yenye kitako cha mbao kilichochongwa kulishika tumbo lake. Egemeza injini nyuma kabla ya kutoa krosimemba. Inapotoka, ivute moja kwa moja nyuma. Ukiiacha ielemee shafti, uzito wote unakaa juu ya klachi pleti na kuipinda.

Usafi na ukaguzi

Vumbi la klachi la gari la zamani linaweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, na uvae barakoa.

Sasa pitisha ukucha kwenye bomba la mbele la giaboksi, lile ambalo habu huteleza juu yake. Bomba zima ni laini kama kioo. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, habu nayo itanasa hapohapo, itainama, na beringi itagusa vidole kwa upande mmoja. Mikwaruzo myepesi inaondoka kwa msasa laini wa maji. Mfereji wa kweli hauna dawa. Badilisha bomba na uangalie sili ya nyuma yake ukiwa hapo.

Geuza uma. Tazama kishimo kinachokaa juu ya gololi: kikiwa kimetoboka au kina ufa, uma huo haurudi. Tazama ncha zake mbili: zikilika bila ulinganifu, zitasukuma habu kwa mshazari. Gololi yenyewe iwe ya mviringo. Ikiwa na uso bapa, ibadilishe.

Kwenye presha pleti, pima alama ambayo beringi imechimba kwenye ncha za vidole. Kikomo ni kina cha mm 0.6 na upana wa mm 5. Ncha zote ziwe usawa mmoja, tofauti isizidi mm 0.5. Kwenye klachi pleti, pima kutoka uso wa bitana (tabaka lake la msuguano) hadi kichwa cha ribiti; ikibaki chini ya mm 0.3, imekwisha.

Kuna jambo wengi hawaliangalii dukani. Presha pleti yenye vidole vilivyopinda hutaka beringi yenye uso bapa, na yenye vidole vilivyonyooka hutaka beringi yenye uso wa mviringo. Ukichanganya, itafanya kazi, lakini mguso utakuwa mwembamba na utakula vidole haraka. Peleka ya zamani dukani, ziweke mbili ubavu kwa ubavu, linganisha uso, kimo na tundu la ndani.

Kuingiza beringi kwenye habu

Ikiwa beringi imekuja peke yake, tumia presi au vaisi yenye bomba la kusukumia. Sukuma ringi ile inayokalia habu. Usisukume uso unaogusana na vidole wala usigonge kwa nyundo, maana nguvu hupita kwenye gololi za ndani na kuacha vishimo vidogo usivyoviona. Hivyo vishimo ndiyo kelele ya miezi mitatu. Iingie hadi ikae kabisa, kisha izungushe kwa mkono huku ukiibana: isikwaruze wala isikwame. Iliyojaa grisi huzunguka kwa uzito kidogo. Ile inayozunguka kama pia ni kavu.

Beringi hii imefungwa na grisi yake ndani. Usiioshe kwa petroli wala dizeli, hata kama imeanguka vumbini. Ifute kwa kitambaa kikavu.

Grisi: kidogo, na mahali pake

Gololi ya egemeo, kiasi cha punje ya haragwe. Ncha za uma zinapogusa habu, utando. Kishimo cha uma kinapopokea fimbo ya silinda, kidogo. Ndani ya habu kuna mfereji: ujaze, kisha futa kilichobaki juu. Meno ya shafti yapake utando mwembamba, ingiza klachi pleti na kuitoa mara mbili, halafu futa kila kilichokusanyika pembeni. Uso wa beringi ubaki mkavu. Habu ikiwa ya plastiki, iache kavu isipokuwa mtengenezaji amesema vinginevyo. Grisi ikizidi, mzunguko huitupa kwenye bitana, na klachi itateleza na kunuka.

Kufunga

Ingiza uma kupitia mpira wa vumbi, klipu yake ipite nyuma ya shingo ya gololi. Uvute kuelekea kwako: usitoke. Kisha habu, klipu zake mbili, kila moja imeng'ata ncha ya uma na sikio la habu. Tikisa uma mbele na nyuma urefu wote wa mwendo wake. Habu iteleze bila kuinama, na klipu zisiruke. Rudia jaribio hili mara kumi, kwa sababu likikosewa giaboksi inashuka tena.

Klachi pleti ikae kwa upande wake, ule ulioandikwa ni wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) uelekee flaiwili. Iweke katikati kwa chombo cha kulengea au kipande cha shafti ya zamani. Bolti za presha pleti zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo, hadi Nm 19.

Pandisha giaboksi ikiwa ndani ya gia, zungusha flanji ya nyuma polepole hadi meno yapatane. Itaingia yenyewe mpaka uso wa giaboksi uguse injini. Pengo likibaki sentimita moja na ikagoma, usiivute kwa bolti. Hapo ndipo kitovu cha klachi pleti huvunjika. Irudishe nyuma, angalia usawa wake, ujaribu tena.

Rudisha silinda ya chini, fimbo ikae kwenye kishimo cha uma. Toa upepo kama bomba la mafuta liliguswa. Mwisho pima pedeli: uhuru wote (mwendo mtupu kabla klachi haijaanza kusukumwa) uwe mm 5 hadi 15, na katika huo fimbo ya masta silinda, ile ya juu kwenye pedeli, iwe na mm 1 hadi 5. Bila uhuru kabisa, mafuta yanaweza kushindwa kurudi masta, beringi ikazunguka ikiwa imebanwa muda wote.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimefunga kila kitu lakini gia haziingii injini ikiwaka, ikizimwa zinaingia vizuri. Ni beringi?*

Hapana, ndugu. Klachi haiachii. Anza na lililo rahisi: mtu akanyage pedeli, wewe uangalie fimbo ya silinda ya chini inasogea kiasi gani. Mwendo ukiwa mdogo, kuna upepo au silinda imechoka. Ukiwa mzuri na klachi bado haiachii, pengine klachi pleti imegeuzwa au uma umetoka kwenye gololi. Hayo mawili hayatengenezeki bila kushusha.

*Fundi, klachi pleti yangu bado nene. Nibadilishe beringi peke yake?*

Inaruhusiwa, kama vipimo vya vidole na ribiti hapo juu vimekubali. Ila piloti beringi usiiache, na angalia sili ya nyuma ya krenki. Tone moja la oili likifika kwenye bitana, kazi yote imepotea.

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina Land Rover 110 ya zamani. Nimeshusha, nimekuta uma umetobolewa na gololi. Nichomelee?*

Marahaba. Huo ni udhaifu unaojulikana wa uma wa bati kwenye giaboksi za LT77 na R380. Bora upate uma ulioimarishwa. Ukilazimika kuchomelea, funga kipande cha chuma cha mm 3 nyuma ya kishimo, ukiulinda uma usipinde kwa joto, na hakikisha gololi inaingia kwenye kishimo chake kama mwanzo. Kimo kikibadilika, mwendo wa beringi nao umebadilika.

*Beringi mpya, kelele ndogo ya kusugua nikigusa pedeli kidogo tu, nikikanyaga inaisha. Nishushe tena?*

Usishushe bado. Mguso mwepesi huifanya beringi iteleze juu ya vidole kabla haijashika mwendo wao. Ikiisha mara unapokanyaga na haiongezeki wiki hadi wiki, endelea kulitumia gari. Ikianza kunguruma pedeli ikiwa chini, hapo ni jambo jingine.

*Dereva wangu huweka mguu juu ya klachi safari nzima. Ina madhara?*

Makubwa. Uzito wa mguu unatosha kumaliza uhuru wa pedeli, na beringi iliyotengenezwa kufanya kazi sekunde chache kila gia inazunguka kilomita zote kutoka Mbeya hadi Dar. Kwenye foleni naye aweke nyutro na aachie pedeli.