Ulishajifungua kwa upasuaji na uko kisiwani Kiwayu? Jipange mapema

Mwanangu, kama mtoto wa kwanza alitoka kwa upasuaji, usingoje uchungu ukukute kisiwani. Kovu la mji wa mimba laweza kuachana uchungu ukikolea. Mimi mkunga nasisitiza: wiki ya 36 ikiingia, hamia kwa jamaa Lamu mjini. Bahari ikipwa, boti hukwama Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ulioko njiani, hata nahodha awe hodari vipi.

Uchungu ukiwahi, ita boti na upigie hospitali simu. Ndani ya boti, lala ubavu wa kushoto juu ya godoro, usile. Beba kadi ya kliniki na jamaa wawili wa kutoa damu. Ukivuja damu, au maumivu yasipoachia baina ya uchungu na uchungu, mwambie daktari papo hapo.