Jinsi ya Kujifunza Kunyoa Ndevu kwa Wembe wa Kukunja

Wembe wa kukunja haunyoi kwa nguvu za mkono. Hunyoa kwa sababu makali yamewekwa sawa, ngozi imevutwa ikakaza, na bapa limelala karibu na uso kwa pembe ndogo. Anayeyashika mambo hayo matatu hujikuta mkono wake umekuwa mwepesi wenyewe; anayekosa hata moja huanza kukandamiza, na kukandamiza ndiko kunakoleta majeraha. Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea kunyoa kwa wembe wa kawaida lakini hajawahi kushika huu wa kukunja.

Hatua ya kwanza: Chagua wembe

Upana wa bapa hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Anayeanza anafaa kuchukua wembe wa 5/8 ya inchi, yaani karibu milimita 16, kwa kuwa unatawalika kwa urahisi shavuni na bado unaingia chini ya pua. Chagua wenye ncha ya mviringo, kwa maana ncha yenye kona kali huchoma ngozi mkono unapoteleza kidogo tu. Nyembe zilizotengenezwa Solingen nchini Ujerumani, Sheffield nchini Uingereza na Thiers nchini Ufaransa zina sifa ya miaka mingi, na hata iliyokwisha kutumika inaweza kuwa nzuri, ilimradi makali hayana mapengo, bapa halina ufa, wala kutu haijala sehemu ya makali.

Muulize muuzaji waziwazi kama wembe umenolewa kwa ajili ya kunyolea. Nyembe nyingi hutoka kiwandani zikiwa na makali ya kukata karatasi, si ya kukata ndevu, na mwanafunzi anayeanza na wembe wa namna hiyo huishia kudhani kwamba kosa ni la mkono wake.

Zipo pia nyembe za umbo hilohilo zinazotiwa kiwembe cha kubadilisha. Hazihitaji kunolewa, lakini kiwembe chake ni chembamba na hakisamehe kosa la pembe. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka kuijua kazi hii aanze na wembe wenyewe.

Hatua ya pili: Jifunze mkanda kabla ya uso

Makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba yanapokata ndevu hujipinda, ingawa jicho halioni. Kazi ya mkanda wa ngozi ni kuyanyoosha tena, nayo hufanywa kabla ya kila kunyoa. Hapa ndipo wengi huharibu wembe mzuri wakiwa bado hawajaugusa uso, kwa hiyo fanya mazoezi kwanza kwa kisu butu cha mezani.

Funga upande mmoja wa mkanda mahali imara, ushike upande wa pili na uuvute hadi ukaze, kwa sababu mkanda uliolegea huyaviringisha makali badala ya kuyanyoosha. Laza wembe ili mgongo, yaani upande mnene ulio mkabala na makali, na makali yenyewe viguse mkanda kwa pamoja, kisha uupeleke mgongo ukiwa umetangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, usiinue wembe. Uzungushe juu ya mgongo wake, mgongo ukiwa bado umeugusa mkanda, hadi makali yalale upande wa pili, ndipo urudi. Mzunguko huu hufanywa kwa kubiringisha shina la wembe, yaani ile sehemu isiyo na makali iliyo kati ya bapa na mpini, kati ya kidole gumba na cha shahada, huku kiwiko na kifundo cha mkono vikiwa vimetulia. Anayezungusha kwa kifundo huyainua makali kabla ya mgongo kukaa, nao mkanda hukatwa papo hapo.

Kwenda na kurudi mara 40 hadi 60 kunatosha. Usitafute kasi, itakuja yenyewe. Sikiliza badala yake: wembe uliolala vizuri hutoa mlio laini usiobadilika tangu mwanzo wa mkanda hadi mwisho, na mlio ukipanda na kushuka, ama unakandamiza, ama umeuinua mgongo.

Hatua ya tatu: Andaa uso

Ndevu zikilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu hulainika na kukatika kwa urahisi zaidi. Paka sabuni ya kunyolea kwa brashi, ukizungusha hadi povu liwe zito, lenye maji ya kutosha na lisilo na mapovu makubwa. Povu likianza kukauka usoni kabla hujamaliza, paka tena.

Hatua ya nne: Shika wembe

Fungua wembe hadi mpini upite mstari ulionyooka na kuelekea juu. Weka vidole vitatu vya kati juu ya shina. Kidole gumba kikae chini yake, na kidole cha mwisho kiegemee mkia wa wembe, kile kipande kifupi kilichopinda mwishoni mwa shina. Mshiko uwe wa kutosha kuutawala wembe tu. Vidole vikigeuka vyeupe, umekaza mno.

Hatua ya tano: Anza na shavu, na uishie hapo

Siku za mwanzo nyoa mashavu peke yake, kisha umalizie sehemu nyingine kwa wembe wako wa kila siku. Shavu ni pana na tambarare, nalo linakufundisha pembe bila kukuadhibu.

Weka vidole vya mkono usio na wembe mbele ya sikio, juu ya mstari wa ndevu, mahali pakavu pasipo na sabuni, na uvute ngozi kwenda juu hadi ikaze. Laza bapa kabisa kwenye ngozi, kisha inua mgongo mpaka nafasi iliyo chini yake ilingane na unene wa mgongo huo mara mbili. Hiyo ni pembe ya karibu nyuzi 30. Teremsha wembe taratibu kwa sentimita mbili au tatu, simama, vuta ngozi upya, endelea. Wembe ukikwaruza, pembe imekuwa kubwa. Ukiteleza bila kukata, umeulaza mno. Ukizivuta ndevu hata pembe ilipo sahihi, rudi kwenye mkanda. Kamwe usiusogeze wembe kwa kufuata urefu wa makali, kama kisu kinavyokata mkate, kwa kuwa hapo unaikata ngozi yenyewe.

Kwa shavu la pili, ninashauri kubadilisha mkono. Mkono wa kushoto utakuwa mzito kwa muda, lakini anayevuka uso kwa mkono uleule hujiziba kioo na kupoteza pembe.

Hatua ya sita: Shingo, kidevu na mdomo wa juu

Mashavu yakishatoka safi bila kuwasha, nenda shingoni. Pitisha vidole juu ya ndevu zilizoota kwa siku moja au mbili ili ujue zinaelekea wapi, maana shingoni mara nyingi hubadili mwelekeo. Kwenye taya, usinyoe juu ya mfupa. Vuta ngozi ya chini ya taya ipande shavuni, uinyoe ikiwa huko. Kwenye kikoromeo, sogeza ngozi pembeni kwanza.

Kidevu kiachwe mwisho pamoja na mdomo wa juu. Kaza ngozi ya kidevu kwa kuuvuta mdomo wa chini juu ya meno, na unyoe kwa mapito mafupi sana. Mdomo wa juu uuvute chini juu ya meno ya juu.

Mzunguko wa kwanza ufuate mwelekeo wa ndevu. Paka povu upya, kisha katisha kwa ubavu ukitaka uso laini zaidi. Kunyoa kinyume cha ndevu kuache hadi mkono ukomae, na mwenye ndevu za kujisokota ni heri asifanye kabisa: unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi hujipinda ukaitoboa ngozi kutoka ndani, na kutoka hapo huja vipele vyenye usaha. Ruka pia chunusi, vidonda na mabaka yaliyoinuka.

Ukijikata, osha kwa maji baridi, bana kwa kitambaa safi, kisha pitisha jiwe la shabu lililoloweshwa. Wembe wako usiazimwe na mtu yeyote, kwa kuwa damu inayobaki kwenye makali inaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na C pamoja na virusi vya UKIMWI.

Hatua ya saba: Tunza wembe

Chuma cha nyembe nyingi za aina hii hushika kutu upesi. Suuza, futa kutoka mgongoni kuelekea makali, uache wazi ukauke hadi ndani ya mpini, na uuhifadhi nje ya bafu lenye mvuke. Kama hutautumia kwa wiki kadhaa, pakaza mafuta membamba ya madini.

Itafika siku ambapo mkanda hautatosha tena, na ndevu zitavutwa hata baada ya kuupitisha wembe ipasavyo. Hapo wembe unahitaji jiwe. Mawe hutofautiana kwa ulaini: la namba 1000 hutengeneza makali upya, na la namba 8000 au zaidi huyamalizia. Kwa mara ya kwanza mpe fundi anayenoa nyembe za kunyolea, si yule wa visu, kisha unyoe na makali hayo kwa majuma kadhaa ili ngozi yako ijue wembe mkali unavyopaswa kuhisika, kabla ya kushika jiwe mwenyewe.