Kubadilisha moduli ya poti 48 kwenye MDS 9710 bila kusimamisha huduma

Kuchomoa moduli na kuchomeka nyingine ni kazi ya dakika chache. Kinachoangusha watu ni mambo mawili: seva yenye njia moja tu ya kufikia diski bila mtu kujua, na kebo zilizorudishwa kwenye poti zisizo zake. Mfano wetu ni swichi ya Cisco MDS 9710, inayounganisha seva na diski kwa mtandao wa Fibre Channel, yenye moduli ya poti 48 za 32G (gigabiti 32 kwa sekunde) iliyoharibika kwenye sloti ya 2. Sloti za 5 na 6 ni za supavaiza (moduli zinazoongoza swichi), na utaratibu wake ni tofauti.

Andaa moduli mpya yenye namba ileile ya bidhaa (DS-X9648-1536K9), bisibisi ya nyota, mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, vifuniko vya vumbi, kalamu ya kusafishia ncha za LC (viunganishi vya kebo za nyuzi za mwanga), na lebo za kutosha. Moduli mbadala kwa kawaida huja bila transiva (vipande vidogo vinavyochomekwa kwenye poti ili kupokea kebo), kwa hiyo za zamani utazihamisha.

Hatua ya 1: Hifadhi hali ilivyo

Andika `copy running-config startup-config`, kisha weka matokeo ya amri hizi kwenye faili nje ya swichi:

`show module`
`show interface brief`
`show flogi database`
`show vsan membership`
`show port-channel database`

Ya FLOGI (orodha ya vifaa vilivyojisajili kwenye swichi) ndiyo utakayoirudia mara nyingi, maana inaonyesha WWN ipi, yaani kitambulisho cha kifaa, iko kwenye poti ipi.

Hatua ya 2: Hakikisha kila seva ina njia nyingine

Kwenye Linux tumia `multipath -ll`, kwenye ESXi `esxcli storage core path list`, kwenye Windows `mpclaim -s -d`. Usiridhike na idadi. Seva inaweza kuonyesha njia nne zilizo hai, na zote nne zikawa zinapita kwenye moduli hii hii. Linganisha WWN za seva na orodha ya FLOGI, uone kama kweli kuna njia kupitia fabriki B, yaani mtandao wa pili wa Fibre Channel usiopita kwenye swichi hii.

Angalia pia viungo kati ya swichi na swichi. Kama poti zote za port-channel (viungo kadhaa vilivyofungwa kuwa kimoja) ziko sloti ya 2, ukizima moduli swichi hizo zitatengana. Hamishia angalau kiungo kimoja kwenye sloti nyingine kwanza. Maktaba za tepu mara nyingi zina njia moja tu, kwa hiyo simamisha kazi za chelezo.

Hatua ya 3: Zima poti kwa mafungu

Anza na nane: `interface fc2/1-8`, halafu `shutdown`. Tazama seva, kisha endelea na fungu linalofuata. Ukizima zote 48 kwa mpigo, seva iliyosahaulika itaanguka na hutajua ni ipi. Ukizima nane, `no shutdown` moja inairudisha. Usihifadhi usanidi katika hatua hii.

Poti zote zikishazimwa, ukiwa kwenye hali ya usanidi andika `poweroff module 2`. `show module` ionyeshe `powered-dn` kabla hujagusa skrubu.

Hatua ya 4: Chomoa

Weka lebo kwenye kila kebo, kwa namba iliyochapwa pembeni mwa poti. Usihesabu kwa macho. Chomoa kebo, funika ncha zake, na ziache transiva mahali pake kwanza.

Legeza skrubu za pande zote mbili, fungua makabari (wenzo za kuchomolea) yote mawili kwa pamoja, kisha vuta huku mkono mmoja ukiishika moduli kwa chini. Ilaze juu ya mkeka wa kuzuia umeme tuli. Sasa hamisha transiva moja moja, ya poti 1 iende poti 1. Zile zenye kishikio cha bluu ni za masafa marefu. Ukizichanganya na za masafa mafupi, utapoteza saa nzima ukitafuta kebo mbovu isiyokuwepo.

Hatua ya 5: Chomeka mpya

Kagua kiunganishi cha nyuma cha moduli mpya kwa tochi. Iingize kwenye reli hadi makabari yaanze kugeuka yenyewe, kisha yafunge kwa pamoja na ukaze skrubu. Ikikataa usiilazimishe, itoe uangalie. Pini ikipinda ndani ya chasisi, tatizo si la moduli tena.

Andika `no poweroff module 2`. Hii husahaulika sana: amri ya kuzima iko kwenye usanidi, hivyo hata moduli mpya itabaki `powered-dn`. Subiri `show module` ionyeshe `ok`. Ikionyesha `pwr-denied`, angalia `show environment power`. Moduli ya aina tofauti haitarithi usanidi wa poti, na hii ya 32G inahitaji NX-OS (programu endeshi ya swichi) toleo la 8.1(1) au zaidi.

Hatua ya 6: Rudisha kebo

Safisha kila ncha kabla ya kuichomeka, hata ile iliyokuwa imefunikwa. Rudi kwa mafungu yaleyale ya nane, na uwashe tu poti zilizokuwa hai kwenye orodha ya awali. Linganisha FLOGI mstari kwa mstari. VSAN (mtandao pepe ndani ya swichi) hufuata poti: seva iliyohamia poti ya jirani itaingia bila kosa lolote, taa itakuwa kijani, lakini inaweza kujikuta VSAN nyingine ambako hakuna diski hata moja.

Transiva ya 32G inakubali kasi za 32G, 16G na 8G tu. Kifaa cha zamani cha 4G kinahitaji transiva ya 16G.

Hatua ya 7: Kaunta

Andika `clear counters interface all`, acha kazi ziendelee kwa saa moja, kisha soma `show interface counters` na `show interface transceiver details`. CRC (hesabu ya data iliyoharibika njiani) zikipanda kwenye poti moja, safisha ncha zote mbili, kisha badilisha transiva, kisha kebo, kwa mpangilio huo. Alama `--` kando ya nguvu ya mwanga inayopokelewa maana yake imeshuka chini ya kiwango cha hatari.

Njia zote zikishaonekana hai kwenye seva, ndipo uandike `copy running-config startup-config`.